Pimbi Siwema na Sheria ya Mguu Mwekundu

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile Fisi alipokuwa na ofisi na Tembo alipokuwa na kiti kisichomtosha, palikuwa na mji wa wanyama ukiitwa Mawemawe. Sogeeni karibu. Hadithi hii si ya kuchekesha sana, nawaambia mapema, asije mtu akaninunia baadaye.

Katikati ya mji ule, mbele ya soko, palikuwa na nyumba ya mawe. Mababu waliijenga kwa kuchanga jiwe mojamoja. Nyati aliburura la kwake, panya akaleta la kwake kadiri ya nguvu zake. Wakaiita Nyumba ya Kusoma. Ndani mlikuwa na vitabu, na kitabu hakikuwa cha mtu. Ukitaka unakaa mkekani unasoma, ukitaka unakiazima unakwenda nacho kwako, ukimaliza unakirudisha. Hakuna aliyeulizwa kama ana pembe au hana.

Mtunzaji wa nyumba hiyo alikuwa Pimbi, jina lake Bi Siwema. Pimbi mnamjua? Kanyama ka kwenye majabali, masikio mafupi, mkia hana kabisa. Bi Siwema alirithi kazi kwa baba yake, na baba kwa babu. Alifungua mlango jua likichomoza, akaufunga likizama. Barua ya mwana aliyeko ng'ambo ya mto, Bi Siwema aliisoma. Karatasi ya dawa ya mganga, Bi Siwema aliisoma. Na aliyetaka kujifunza mwenyewe alifundishwa, hata awe na kichwa kizito namna gani. Babu Kobe alifundishwa miaka minne, mwaka wa tano akamaliza kitabu kizima, na tangu hapo anakisoma kitabu hichohicho.

Kazi nyingine ya Bi Siwema ilikuwa kuandika sheria za Baraza. Na sheria za Mawemawe zilikuwa na desturi yake, iwekeni akilini. Karani anaandika. Mwenyekiti anakanyaga udongo mwekundu uliolowa, anaweka mguu chini ya maandishi, pu! Alama ikikauka, hayo ni sheria. Na kuiondoa kuna njia moja tu: mwenye mguu asimame sokoni, aisome kwa kinywa chake mwenyewe, neno kwa neno, ndipo aichane. Mababu waliweka hivyo ili mkubwa asitangue leo alilolisema jana bila kuona haya mbele za watu.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Tembo. Katibu alikuwa Bwana Fisi, mwenye miwani.

"Nisomee wewe, Bi Siwema," Fisi alikuwa akisema kila karatasi inapokwisha kuandikwa. "Miwani yangu imepasuka."

Bi Siwema alimsomea mara moja, Fisi akayashika maneno kichwani, akaenda kuyasema sokoni karatasi kaiinua mbele ya pua. Masika yakapita, vuli ikapita, miwani haitengenezwi. Bi Siwema alidhani ni ubahili. Msomi mzima, na hakuona! Lakini tutafika huko.

Ukaja mwaka wa njaa. Baraza likakaa.

"Lazima tufunge mikanda," alisema Bwana Fisi, na tumbo lake lilikuwa limeuficha mkanda siku nyingi.

Wakaanza na mafuta ya taa ya Nyumba ya Kusoma. Bi Siwema akasogeza mikeka dirishani. Wakachukua mikeka, ikaenda ofisini kwa Katibu. Wasomaji wakakaa juu ya sakafu ya mawe, wakajikunyata, wakasoma. Basi wakapunguza siku: nyumba ifunguliwe Ijumaa peke yake, siku sita iwe kufuli.

Bi Siwema akaenda kulalamika.

"Siku moja kwa juma, Bwana Katibu? Mji mzima?"

"Kitabu kinaoza? Anayetaka kusoma atangoja Ijumaa."

"Na mwenye barua? Na mwenye karatasi ya dawa? Homa haingoji Ijumaa."

"Waje kwangu!" Fisi akajipiga kifua. "Mimi si Katibu? Nenda zako, Bi Siwema, una maneno mengi kuliko mwili wako."

Nyati, askari wa Baraza, akapewa amri: atakayefungua mlango ule siku isiyo Ijumaa, apigwe pembe. Na Nyati hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Bi Siwema akaogopa. Siwafichi, wanangu, huyu ninayewasimulia habari zake aliogopa, na woga wake ndio unaonifanya niisimulie hadithi hii kwa taabu.

Ilikuwa Jumanne. Bi Siwema alikuwa amejifungia ndani na ufagio, anakung'uta mchwa kwenye vitabu, maana mchwa hawakuambiwa habari za Ijumaa. Mara akasikia mlangoni: ko, ko, ko.

"Hodi! Bi Siwema, hodi!"

Ilikuwa sauti ya Mama Chiku, Digidigi wa bondeni, mjane mwenye mtoto mmoja.

Bi Siwema akachungulia kwenye ufa. Nyati alikuwa amesimama sokoni, mgongo kaugeuza, pembe zinang'aa kwa jua. Bi Siwema akaukumbatia ufagio asifanye mchakacho.

"Anataka hadithi ya kumsomea mwanawe," akajiambia moyoni. "Atakuja Ijumaa."

Ko, ko, ko, ko! "Hodi jamani!"

Bi Siwema kimya. Kisha akasikia kwato ndogo zikiondoka, tika tika tika, zikienda upande wa ofisi ya Katibu. Akashusha pumzi, akaendelea kufagia.

Siku ya pili yake mji ukaitwa msibani.

Bi Siwema alimkuta Mama Chiku ameketi chini, mbele yake vifurushi viwili vya karatasi, rangi moja, ukubwa mmoja. Kimoja kilikuwa kimefunguliwa. Aliketi karibu naye, akampa pole. Mama Chiku akaanza kusimulia bila kumtazama.

"Mganga Korongo alinipa vyote viwili kwa pamoja, kabla hajavuka mto. Kimoja cha homa, cha kunywa. Kingine cha kuogea, cha kuua kupe. Mwanangu alipochemka, nikatafuta kipi ni kipi, nikashindwa. Nikaja kwako. Nikapiga hodi. Hukuwepo."

Bi Siwema angeweza kunyamaza. Nani angejua? Hata ufagio hausemi.

"Nilikuwepo," alisema Bi Siwema.

Mama Chiku akamgeukia.

"Nilikuwepo, Mama Chiku. Nilikusikia. Niliogopa pembe."

Wanawake waliokuwa karibu wakaacha hata kujipangusa machozi. Mama Chiku akamtazama, akamtazama, kisha akaendelea pale alipoachia.

"Basi nikaenda kwa Katibu. Nikamwambia, nisomee, baba, mtoto anakwenda. Akakishika kifurushi, akakitazama sana, akakohoa. Akasema, hiki. Mnyweshe vijiko vitatu."

"Alikishika vipi?" aliuliza Bi Siwema.

"Hivi."

Mama Chiku akakiinua kifurushi. Maandishi yalikuwa kichwa chini miguu juu.

Bi Siwema akakichukua, akakigeuza. Herufi zilikuwa kubwa, nyeusi, hata mwenye miwani iliyopasuka mara saba angeziona. USINYWE. Basi si miwani! Miaka yote ile, si miwani. Akamkumbuka na Mzee Tembo, ambaye kila karatasi husema, "Macho yangu mimi ni ya mbali." Waliokuwa wakipunguza siku za kusoma, hawakujua kusoma. Na kwa kuogopa kusema hawajui, mmoja wao amenyoosha kidole tu, na kidole kimeua.

Baada ya mazishi wenzake wakamuuliza mjane, kwa upole, sasa wamwite jina gani.

"Niiteni hivyohivyo," alisema. "Mama Chiku."

Ijumaa ya kwanza alikuja Nyumba ya Kusoma. Bi Siwema alipomwona mlangoni akasimama, hajui aweke wapi uso wake.

"Sikuja kukusamehe," alisema Mama Chiku. "Nimekuja unifundishe kusoma. Nianze na hiki." Akakiweka kile kifurushi mezani.

"Mama Chiku, tuna vitabu vya kuanzia, vina picha…"

"Hiki."

Wakaanza. U. Si. Nywe. U, si, nywe. Ijumaa tatu kwenye neno lile moja, na siku aliyolisoma lote bila kukwama alilia mpaka Babu Kobe akafunga kitabu chake akatoka nje. Halafu akapangusa uso, akasema, "Niletee neno lingine." Ijumaa baada ya Ijumaa akala maneno kama mwenye njaa.

Huko Barazani nako walikuwa hawajashiba.

"Mzee Mwenyekiti," alisema Fisi, "ile nyumba tunaitunza bure. Haina wasomaji. Mpeleke Nyati akahesabu."

Nyati akaenda kuhesabu. Akaenda lini? Jumanne! Siku ya kufuli, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeilinda. Akasimama mbele ya mlango uliofungwa asubuhi mpaka jioni, akarudi na jibu.

"Hakuna hata mmoja, Mzee. Sikuona hata nzi."

"Umeona?" alisema Fisi. "Ifungwe moja kwa moja. Mawe yake ni ya baridi, itafaa kuwa ghala la mifupa yangu. Mifupa ya Baraza, nilitaka kusema."

Na Tembo, ambaye alipenda mambo yaishe upesi akaoge matope, akasema, "Mwite karani aandike."

Mnaelewa walichofanya? Walimwita Bi Siwema aandike kwa mkono wake kufungwa kwa nyumba yake mwenyewe. Hawakuwa na mwingine wa kumwita. Mji mzima, aliyejua kuandika sheria alikuwa yule waliyekuwa wakimfukuza, na hilo halikuwapitia vichwani.

Bi Siwema akaingia Barazani na kalamu yake sikioni. "Shikamoo, Mzee Mwenyekiti."

"Marahaba. Kaa. Andika."

Fisi akatoa maneno huku anatembea huku na huku, mikono nyuma. "Andika: Baraza limeona Nyumba ya Kusoma haina wasomaji. Kuanzia leo imefungwa. Itakuwa ghala, na ufunguo utakaa kwa Katibu."

Kalamu ya Bi Siwema ikaenda kwaru, kwaru, kwaru. Haikusimama Fisi aliposimama. Ikaendelea kidogo.

"Mbona ndefu?" aliuliza Tembo.

"Maneno ya serikali, Mzee, yanataka nafasi."

"Soma."

Bi Siwema akaiinua karatasi, akasoma: "Baraza limeona Nyumba ya Kusoma haina wasomaji. Kuanzia leo imefungwa. Itakuwa ghala, na ufunguo utakaa kwa Katibu."

Fisi akamtazama kwa jicho la pembeni. Mjinga si lazima awe mpumbavu, wanangu. "Soma tena."

Bi Siwema aliogopa, lakini kwa miaka yote aliyokaa na vitabu alikuwa amejifunza kushika maneno. Akasoma tena, hakuongeza wala hakupunguza.

Fisi akamsogelea, pumzi yake inanuka uvundo. "Hebu nionyeshe. Neno *imefungwa* liko wapi hapo?"

Bi Siwema akaweka kidole juu ya neno moja, katikati ya karatasi. Kidole chake kilikuwa juu ya jina la Chiku.

Fisi akarekebisha miwani. Akaliinamia. Akaguna kama mtu aliyeridhika.

"Naam. Nimeliona."

Hapo, wanangu, hofu yote ikamtoka Bi Siwema, ikabaki hasira peke yake. Alikuwa anaangalia pua ya Fisi juu ya jina la mtoto aliyemuua, na Fisi halijui jina lile.

"Basi Mzee aweke mguu," alisema.

Tembo akakanyaga udongo mwekundu. Pu! Karatasi ikapata alama kubwa kama sinia, na mstari wa mwisho ukagusana na ukucha wake.

Njia ya kurudi, Bi Siwema akapita kwa Babu Kobe.

"Shikamoo, Babu. Kesho Ijumaa, soko litajaa. Karatasi itapigiliwa mlangoni kwangu. Njoo usimame mbele, na Bwana Katibu akimaliza kusema, wewe isome kwa sauti. Usiogope."

"Mimi nina gamba, mwanangu, niogope nini? Naondoka sasa hivi, nisichelewe."

Akaondoka sasa hivi. Lakini kobe ni kobe.

Ijumaa soko likajaa. Nyati akaipigilia karatasi mlangoni, ngo, ngo, ngo, akabaki na nyundo mkononi na ubao wa kuzibia mlango kwapani. Tembo akaketi kitini, matako nusu nje. Bi Siwema alisimama pembeni, macho yanamtafuta Babu Kobe katikati ya miguu ya watu. Kobe hayupo.

Fisi akapanda juu ya jiwe, akaielekeza miwani kwenye karatasi.

"Sikilizeni sheria! Baraza limeona Nyumba ya Kusoma haina wasomaji. Kuanzia leo imefungwa. Itakuwa ghala, na ufunguo utakaa kwa Katibu. Nyati, ziba mlango!"

Watu wakaguna. Mmoja akasema jamani, mwingine akasema nyamaza usije ukaumizwa, na basi, yakaishia hapo. Ndivyo tulivyo. Nyati akauweka ubao, akainua nyundo.

Kobe hayupo.

Bi Siwema akafungua kinywa asome mwenyewe, liwalo na liwe, ingawa alijua watasema karani anaitetea kazi yake. Kabla sauti haijatoka, akasikia kwato: tika, tika, tika.

Mama Chiku alikuwa amepenya mpaka mbele. Alisimama chini ya mkono wa Nyati, shingo kainyoosha, macho kwenye karatasi.

"Bwana Katibu," alisema, "hapo hapasemi hivyo."

"Nini? Toka hapo, mwanamke! Unajua nini wewe?"

"Najua kidogo. Nimeanza juzi." Akaweka ukwato kwenye mstari wa kwanza. "Si-si. Sisi. Sisi wa Ba-ra-za. Ha-tu-ju-i. Hatujui. Ku-so-ma."

Hili Bi Siwema hakulipanga. Alikuwa amemwekea Kobe yale maneno, hakumwambia mama mwenyewe kilichoandikwa humo.

"Tu-li-i-fu-nga nyumba hii siku si-ta." Mama Chiku akasogeza ukwato. "M-to-to. Mtoto…"

Ukwato ukasimama. Neno lililofuata alilijua. Lilikuwa neno la pili aliloomba kufundishwa.

"Mama Chiku," alisema Bi Siwema, "acha, mama. Atasoma mwingine."

"Niache. Ni mwanangu." Akavuta pumzi. "Mtoto Chi-ku. A-ka-nywe-shwa. Dawa ya ku-pe. Kwa sa-ba-bu hiyo. A-ka-fa."

Mama Chiku akaendelea, silabi kwa silabi, machozi yanadondoka juu ya ukwato wake lakini ukwato haukuondoka mstarini: "Ta-ngu leo nyumba hii iwe wazi siku zo-te sa-ba. Mafuta yake na mi-ke-ka yake vi-ru-di. Asiyejua ku-so-ma, a-si-a-mu-e mambo ya vi-ta-bu."

"Uongo!" Fisi akapiga kelele. "Anabuni! Hajui kusoma huyu, nani kamfundisha?"

"Ha…jabuni," ikasema sauti kutoka chini, inahema. Babu Kobe alikuwa amefika, vumbi mpaka machoni. Akainua shingo, akapepesa macho kwenye karatasi kwa muda ambao kila mtu aliona ni mwaka. "Ndivyo ilivyoandikwa. Na chini pana mguu. Mguu wa nani ule?"

Watu wote wakautazama ule mguu mwekundu, kisha wakautazama mguu wa Mzee Tembo. Udongo ulikuwa bado kwenye kucha.

Tembo akainuka. Kiti kikapasuka, kwaa!

"Nani kaandika?"

"Mimi, Mzee," alisema Bi Siwema.

"Nafuta! Nafuta sasa hivi!"

"Haki yako, Mzee. Desturi unaijua. Simama hapa, uisome kwa kinywa chako, neno kwa neno. Kisha uichane."

Tembo akaiendea karatasi. Akaitazama. Masikio yake yakapepea, mkonga ukapanda, ukashuka. Watu wakangoja. Na katika kungoja kule, wanangu, kila mtu alijua. Miaka ishirini ya "macho yangu ni ya mbali" ikaisha pale mlangoni.

"Mkanyage!" Fisi akanong'ona kwa nguvu. "Mkanyage huyo pimbi, mambo yaishe!"

Mguu mkubwa ukainuka juu ya Bi Siwema. Kivuli chake kikamfunika mzima. Lakini safari hii hakujificha nyuma ya ufagio.

"Nikanyage, Mzee," alisema. "Ila nikifa mimi, nani atakufundisha kusoma? Na usipojua kusoma, sheria hiyo haitafutika mpaka unazikwa."

Mguu ukakaa hewani. Ukakaa. Kisha ukarudi chini polepole, pembeni.

Fisi alipoona hivyo akaruka kutoka juu ya jiwe, miwani ikaanguka, akatoka mbio. Hakukimbizwa na mtu. Wanyama walimpisha tu, wakamgeuzia migongo. Tangu siku ile fisi hakai mjini, na cheko lake mnalolisikia huko porini, analicheka peke yake.

Kesho yake, jua likichomoza, mlangoni pakasikika: ko, ko.

Bi Siwema akafungua kabla ya hodi ya pili. Alikuwa Mzee Tembo, kichwa kainamisha kipite mlangoni.

"Nimekuja kujifunza," alisema. "Niisome, niifute."

"Karibu, Mzee. Kaa chini, mkeka hautakutosha."

Bi Siwema akaelekea rafuni kuchukua kitabu cha kuanzia, chenye picha. Mama Chiku, aliyekuwa ameketi dirishani kwenye mkeka uliorudishwa, akasimama.

"Huyu nitamfundisha mimi."

Akaja akaketi mbele ya Tembo, yeye mdogo kama goti lake. Akaweka sakafuni kifurushi cha karatasi kilichokwisha kuchakaa kwa kushikwashikwa.

"Tuanze na neno hili."

"Linasema nini?"

"Utalisoma mwenyewe."

Lilimchukua Tembo asubuhi nzima. U. U. Si. Usi. Jasho lilimtoka. Adhuhuri ilipokaribia akalisoma lote, kwa sauti kubwa, amefurahi kama mtoto: "Usinywe! Ni *usinywe*!"

Halafu akalielewa.

Mkonga wake ukaanguka sakafuni. Akakitazama kile kifurushi kidogo, akamtazama yule mama. Kisha Tembo akasema kwa sauti ndogo isiyofanana na mwili wake, "Nifundishe lingine."

Tembo alijifunza mpaka akaweza kuisoma sheria yote. Siku moja akasimama sokoni akaisoma kwa kinywa chake, neno kwa neno, hakuruka jina la Chiku. Watu wakangoja aichane. Hakuichana. Akakanyaga udongo mwekundu, akaweka mguu wa pili kando ya ule wa kwanza, akaenda zake nyumbani.

Bi Siwema naye akamwita Nyati aje na nyundo, aung'oe mlango. Nyumba ile ikabaki bila mlango, aje atakaye na siku aitakayo. Lakini Mama Chiku hakuja kumsamehe, wala Bi Siwema hakuwahi kumwomba msamaha. Walifanya kazi pamoja miaka mingi, mkeka mmoja, bila kulitaja. Na mkimsikia pimbi analia kule majabalini, kilio kile cha kupanda na kupanda mpaka kinakatika, wazee husema anaitikia hodi, na anaiitikia kwa kuchelewa.

Hadithi yangu imefika kwake, mimi nimebaki kwangu, na ninyi shikeni hili moja: anayewazimia wenzake taa, giza haliulizi nani kazima, linamfunika naye.